Harakati Hakuwa na Uso Ule

Mabango yalibandikwa alfajiri, na kufikia saa ya kufungua maduka mji mzima ulikuwa unatazamwa na mwanamke mmoja aliyekaza uso. Alikuwa kwenye ukuta wa benki, kwenye nguzo za umeme, kwenye geti la soko, hata kwenye mlango wa choo cha kulipia. Chini ya kidevu chake waliandika kwa herufi nene: SHUJAA WA AMANI. Watu walisimama, wakatikisa vichwa, wakaambiana, "Hebu ona macho hayo. Mwanamke wa chuma. Hakuwa na mchezo huyu."

Mpiga picha wa mtaa wa nyuma ya posta alisimama kati yao, funguo za studio mkononi, akamtazama rafiki yake pale ukutani. Picha ile aliipiga yeye. Aliitambua kwa pazia la buluu lenye mkunjo upande wa kushoto, mkunjo ulioishinda pasi miaka nenda rudi. Hakuwa na mchezo! Mtu aliyekuwa akicheka mpaka stuli inalia chini yake! Alitamani kumgeukia aliyesimama karibu naye amweleze, lakini angeanzia wapi, na huyo angemsikiliza kwa sababu gani? Akaenda kufungua duka.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Usicheke. Watoto wanamwita hivyo, wenye maduka wanamwita hivyo, na wakaguzi wa leseni waliokuja mwaka jana waliulizia "kwa Usicheke" bila kuona haya. Amejitakia mwenyewe. Kazi yake kubwa ni picha za pasi, vibali na vitambulisho, na ofisi za dunia hii, ambazo hazielewani kwa lolote, zimeelewana kwamba binadamu anayevuka mpaka asionekane ana furaha. Kwa hiyo kutwa nzima unamsikia nyuma ya pazia: "Inua kidevu. Masikio yaonekane. Usicheke."

Studio yenyewe ukinyoosha miguu unagonga mlango. Ina stuli, pazia jeupe na pazia la buluu, taa yenye mwavuli, kioo chenye ufa, kitana kilichofungwa kwa kamba kwa sababu vilivyotangulia viliondoka na wateja, na koti jeusi la kuazima. Koti hilo limevaliwa na nusu ya wanaume wa mji. Kwenye picha limeshavuka mipaka yote, lenyewe halijawahi kufika hata stendi ya mabasi. Nyumbani kwake ni vyumba viwili, na kimoja hakifunguliwi. Mkewe alikwenda kwa binti yao, nchi ya mbali, vita vilipoanza kusogea. Alikwenda kwa muda, na muda ukaota mizizi. Wanapigiana simu, wanaulizana hali, wananyamaza, kisha mtandao unakatika na kila mmoja anapumua.

Vita havikuwa vya nchi yao, vilikuwa vya majirani. Lakini wakimbizi walijaa, bei zikapaa, na mara nyingine mizinga ya ng'ambo ilitikisa vioo vya madirisha mjini. Usicheke alivipima vita kwa benchi lake. Mapigano yakipamba moto, zilikuja familia nzima, baba, mama na kitoto kichanga cha kushikiwa shingo, wote wakitaka picha za pasi leo hii hii. Redio ikitangaza mazungumzo ya amani, benchi lilikuwa tupu na yeye alishinda akiua mbu. Jambo hilo lilimtia aibu, na mtu pekee aliyewahi kumwambia ni Harakati, yule yule wa kwenye mabango.

"Nawe unaona aibu?" Harakati alimjibu. "Mimi je? Amani ikija nitafanya kazi gani? Utanichukua nikushikie mwavuli wa taa."

Harakati lilikuwa jina la sokoni. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu kwao, ng'ambo ya mpaka. Vita vilipochukua wanafunzi wake akaacha chaki, akakusanya wanawake wenzake, wakaunda chama, wakaanza kwenda kwa wapiganaji wa pande zote kuomba barabara zifunguliwe na mateka waachiwe. Walikwenda bila silaha na bila mshahara, na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Ila kila upande ulidai kibali chake, na kila kibali kilidai picha mpya. Hawa walitaka pazia jeupe, wale walitaka la buluu. Mkubwa mmoja akipinduliwa, mihuri yake inakufa pamoja naye, na Harakati anarudi kwenye stuli. Urafiki wao uliota hivyo, kwa sababu ya mihuri.

Baadaye alikuwa akija bila kuhitaji kitu. Alizima simu, akavua viatu, akasema, "Leo sina picha, kaka. Nina miguu tu." Usicheke alichemsha chai, Harakati akaitukana, akasema ni maji ya kusuuzia brashi, akaomba aongezewe. Hawakuzungumza amani hata kidogo. Walizungumza mwenye nyumba wa Usicheke, sugu za miguu ya Harakati, na kama lile koti lifuliwe au likifuliwa litaachana vipande. Mtaani watu walisema yao, kama kawaida ya watu. Kwenye mikutano yake Usicheke hakwenda, kwa kuwa umati unamfanya atetemeke, na Harakati hakumshurutisha. "Kule wananisikiliza wengi," alisema. "Huku kuna mmoja anayenibishia. Namtaka huyo."

Na alipokaa kupigwa picha, alicheka. Hakukosa. Akiambiwa inua kidevu, mabega yanaanza kutikisika. Akiambiwa masikio yaonekane, ameshashika mbavu. Picha ya kwanza imeharibika, ya pili imeharibika, ya tatu macho yamefumba na machozi yanamtoka. "Umeharibu tena," Usicheke ananung'unika, anabonyeza kitufe cha kufuta kwa kidole gumba, na wanaanza upya. Kadi ya kamera ilikuwa kuukuu na ndogo, na nafasi yake ilikuwa ya watu waliokaza uso.

Habari ilimkuta akikata picha za mteja. Redio ya duka la jirani ilitangaza kwamba gari lililombeba Harakati, likirudi kutoka kuchukua mateka walioachiwa, lilimiminiwa risasi karibu na daraja la mpakani. Kila upande ulisema ni upande wa pili. Usicheke aliendelea kukata, na alipotazama chini aliona amempitishia mteja wake kisu katikati ya kipaji cha uso.

"Mzee, umenipasua kichwa!" mteja alilalamika.

"Pole," Usicheke alisema. "Pole sana, ndugu yangu. Nakutolea nyingine."

Wiki ile ile, pamoja na yaliyotokea, mkataba ulitiwa saini. Wakubwa walishikana mikono mbele ya kamera, wote meno nje. Nusu ya mji ilishangilia. Nusu nyingine ilinunua unga wa akiba, na nadhani wapo waliofanya yote mawili.

Jambo lililomkaba Usicheke ni hili: hapakuwa na mtu wa kumpa pole. Mjini watu walipeana pole kuanzia barazani mpaka bungeni. Ndugu walipewa, wanawake wa chama walipewa, mkuu wa mkoa aliyewahi kumfungia Harakati ofisi alipewa na akaipokea. Usicheke alivaa shati safi akaenda ofisi ya chama kwenye foleni ya wafiwa. Dada wa mapokezi alimuuliza kwa upole, "Umetoka taasisi gani, baba?"

"Mimi? Mimi ni mpiga picha."

"Waandishi wa habari wanakaa upande ule."

Akakaa upande ule, kati ya vijana wenye kamera kubwa kuliko vichwa vyao, akanyweshwa soda, akarudi kazini. Hakumlaumu yule dada. Alijiuliza tu, mtu aliyezoea kuvua viatu chumbani kwako ni nani wako, na neno lake ni lipi, maana rafiki ni neno ambalo siku ile kila mtu alikuwa amelichukua.

Kesho yake alikuja Katibu wa chama. Tai ilikuwa imemgeukia begani na macho yalikuwa mekundu. Huyu naye hakuwa amelala.

"Ndugu Usicheke, tunaomba ile picha ya bango, ile kubwa kabisa, ya asili. Tunaichonga kwenye jiwe la kaburi."

"Hana uso ule," Usicheke alisema.

"Hukuipiga wewe?"

"Nimeipiga mimi. Ndiyo maana nakwambia."

Katibu aliketi kwenye stuli, mwili wote ukamlegea. "Sisi tulimjua hivi. Picha za mikutano zipo nyingi, na zote ana kipaza sauti na amekunja uso. Simu yake hawakuirudisha. Kama unayo nyingine iliyo bora, tupe, nitakushukuru. Lakini maziko ni Jumamosi, na fundi wa jiwe hangoji."

"Nipe mpaka kesho."

Akageuza kibao cha IMEFUNGWA, akaanza kutafuta. Alipekua kompyuta, akapekua kamera, akapekua diski ya zamani ambayo lazima uipige kofi ndipo isome. Harakati alikuwemo humo kwa wingi. Harakati wa pazia jeupe, Harakati wa pazia la buluu, Harakati aliyenyoa, Harakati aliyekonda mwaka ule wa njaa. Wote wameinua kidevu, wote masikio yanaonekana, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Usicheke alirudia kutafuta ingawa jibu alikuwa nalo. Wale wengine, wale wa kweli, aliwaua mwenyewe kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, huku akimnung'unikia rafiki yake kwamba anamchelewesha. Alikaa sakafuni akajichukia. Alichokuwa akikitafuta sasa kuliko kitu chochote duniani kilipita mkononi mwake mara nyingi, na kila mara alikitupa kwa kuwa kazi ndivyo inavyotaka.

Asubuhi kabla Katibu hajafika, alikuja mama mmoja mfupi, mzee, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabara ya mpakani. Barabara ile ilikuwa imefunguliwa kwa mkataba, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipita.

"Wewe ndiye Usicheke?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo. Karibu ukae."

"Marahaba. Mwanangu alinisimulia habari zako. Alisema kuna mtu mjini anamkataza kucheka, na mtu huyo hajawahi kushinda." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, mwanangu. Pole sana. Umefiwa."

Usicheke akageuka kutazama pazia. Mama hakumharakisha. Aliketi kwenye stuli, akavua viatu, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

"Nimekuja kwa shida moja," alisema. "Nyumba yetu ya kule iliungua, na picha zote zilikuwa ukutani. Sasa nimeingia mjini namkuta huyu mliyembandika. Simjui. Anafanana na mkaguzi wa shule. Nimepita chini yake njia nzima, kila nikitupa jicho hivi ananikemea. Nikasema, si kitu, Usicheke anaye mwanangu. Nipe ile anayocheka. Moja tu inanitosha. Nimzike nikimwona."

Usicheke angeweza kudanganya. Angesema kamera iliibiwa, angesema kompyuta iliungua, na nani angebisha katika nchi iliyozungukwa na vita?

"Nilizifuta, mama."

"Zote?"

"Zote. Katika kazi yetu, zile ndizo zilizoharibika."

Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya nyanya kwa sauti ya kukwaruza. Usicheke alisubiri atukanwe, na kwa kweli angeshukuru kutukanwa.

"Alikuwa anacheka nini?" mama aliuliza hatimaye.

Usicheke akafungua mdomo kumweleza, lakini mama akainua kiganja.

"Usiniambie mimi hapa chumbani. Jumamosi watasema wengi, na kama nilivyowasikia wakipanga, watamzika huyo wa ukutani. Ukawaambie wao. Nitaongea na huyo Katibu wenu akuweke."

"Mama yangu, mimi siwezi kusimama mbele za watu. Ndiyo maana ninakaa nyuma ya kamera. Miguu inanikimbia."

"Mimi nami sikujua kwamba naweza kuzika mtoto," mama alisema. Akavaa viatu vyake, akaaga, akatoka.

Katibu alipokuja, Usicheke alimkabidhi picha ile ile ya bango. Hakuwa na nyingine.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mahema ya wakubwa yalikuwa na viti vyenye mito, na wengine wote walisimama juani. Pande zilizokuwa zikipigana zilileta mashada ya maua, kila upande la kwake, na wabebaji walizozana kimyakimya lipi likae karibu zaidi na jeneza. Nyuma ya jeneza walisimamisha picha ya Harakati, kubwa kama mlango wa gereji, mkunjo wa pazia ukionekana mpaka kwa walio barabarani. Hotuba zilifuatana. Kila msemaji alitamka chuma: mwanamke wa chuma, moyo wa chuma, msimamo wa chuma, mpaka ungedhani wanazika reli. Katikati ya hotuba ya mjumbe wa upatanishi, simu zilianza kuwaka mikononi mwa watu. Minong'ono ikapita kwamba milio ya bunduki imesikika tena upande wa daraja, kwamba labda ni majambazi, labda sio. Waliokuwa na magari waliyatazama magari yao. Baadhi waliondoka. Mjumbe akaendelea kusema kwamba amani imekuja kukaa.

Usicheke alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, jasho likimtoka mgongoni ndani ya lile koti jeusi la wateja. Hakuwa na lingine. Ndipo mshereheshaji akatazama saa yake, akasema, "Mama mzazi ameomba tumsikie, eh, mpiga picha wa marehemu. Kwa kifupi sana, tafadhali."

Alikwenda. Hajui alifikaje pale mbele. Kipaza sauti kilipiga mluzi, watu wakaziba masikio, na yeye akaona nyuso nyingi kuliko alizowahi kupiga maisha yake yote, zikimngoja.

"Mimi ni rafiki yake," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Hii picha nimeipiga mimi. Siku ile alikuwa ametoka mpakani, wamemrudisha. Afisa wa pale alishika pasi yake, akatazama picha, akamtazama yeye. Akatazama picha tena. Akamuuliza, 'Huyu ni wewe?' Akajibu ni yeye. Afisa akamwambia, 'Haiwezekani. Huyu wa kwenye picha ana adabu.'"

Akasubiri. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja kwenye hema alikohoa.

"Basi akaja kwangu," Usicheke akaendelea, kwa kuwa kurudi nyuma kulikuwa kugumu zaidi. "Akasema, 'Kaka, nipige nyingine isiyo na adabu, afisa anitambue.' Akaanza kunionyesha sura za kukosa adabu, ili nichague. Na mimi nikawa ndiye afisa, nazikataa. Tulicheka kutwa nzima. Wateja walikuja wakatukuta tuko chini sakafuni wakaondoka. Mwishoni nikamsihi, nikasema dada, jua linazama, nipe sura moja tu ya ofisi. Akaniambia subiri, akauma shavu. Hili hapa." Akageuka, akanyoosha mkono juu akaligusa shavu la kulia kwenye picha, pale lilipoingia ndani kidogo. "Ameliuma kwa meno, kwa ndani. Hajakasirika hapa. Amezuia kicheko. Nilipobonyeza tu, kikamtoka, akaanguka na stuli."

Mkuu wa mkoa alikuwa anatazama viatu vyake. Katibu alikuwa ameshika kichwa. Mshereheshaji alikuwa ameanza kusogea, mkono mbele, kuchukua kipaza sauti, na Usicheke alijua amemwaibisha marehemu mbele ya nchi nzima, na kwamba kati ya maelfu yale alikuwa peke yake na kicheko kile kama alivyokuwa nacho studio.

Kisha mtu mmoja akacheka. Alikuwa mama, kwenye kiti cha mbele, na alicheka kwa sauti, bila kuziba mdomo, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Ndugu walimshika mabega wakidhani amezidiwa. Akawatoa mikono. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye ile picha kubwa, penye shavu.

"Ndiye huyo," alisema. "Sasa namwona. Ndiye huyo mwanangu."